Kipimo Kilichosema Niko Sawa

Kwa miaka minne niliambiwa niko sawa. Niliambiwa na watu waliovaa makoti meupe, nikaambiwa na karatasi kutoka maabara, nikaambiwa na mwalimu mkuu aliyetaka kujua kwa nini mtu aliye sawa analalia madaftari ya watoto hata chai ya saa nne haijafika. Naandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye hivi sasa yuko kwenye benchi la hospitali fulani, amevaa sweta mchana wa jua kali, anangoja kuambiwa vivyo hivyo. Mimi si daktari. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na nitasimulia tu yaliyonipata.

Jina langu ni Nduku. Nyumbani ni upande wa Kathiani, na mume wangu, Kioko, ni fundi wa kujenga kwa mawe, kazi yake nyingi ikiwa Machakos mjini. Mtoto wetu wa kwanza, Mutuku, alizaliwa bila taabu. Wa pili, Mwende, alikuja wakati wa mvua ya El Niño. Uchungu ulinianza asubuhi, na gari la jirani likakwama kwenye tope kabla hatujafika kwenye lami. Wanaume walilisukuma, likatoka, likakwama tena mbele kidogo. Mtoto alizaliwa hospitalini, mzima, mwenye sauti kubwa. Halafu mimi nikaanza kutoka damu, na damu ikakataa kukoma.

Nakumbuka sista akiniita jina kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nakumbuka baridi iliyoanzia miguuni. Kioko aliniambia baadaye kwamba kaka yake na wazee wawili wa kanisa letu walikuja kutoa damu, na kwamba daktari alimwita kando akamwambia aombe. Niliamka siku iliyofuata, mdomo mkavu kama karatasi, wote wakasema Mungu ni mkubwa. Na kweli ni mkubwa. Lakini hakuna aliyesema kwamba damu iliyonitoka ilikuwa imeondoka na kitu kingine.

Dalili ya kwanza ilikuwa maziwa. Hayakuja. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alihamia kwetu na sufuria zake. Alinipikia uji wa wimbi, supu ya kichwa cha mbuzi, maharagwe, chai ya maziwa matupu. Nilikula kila kitu. Kifua changu kilibaki kama cha msichana ambaye hajawahi kuzaa.

"Wewe unaficha nini?" aliniuliza, mtoto akilia mikononi mwake. "Mutuku ulimnyonyesha mpaka akakimbia. Huyu amekukosea nini?"

"Mwaitu, sifichi kitu. Hayaji."

"Hayaji yanaenda wapi?"

Mwende alilelewa kwa chupa, na Mwaitu akalichukulia jambo hilo kama tusi kwake yeye binafsi. Kwenye kliniki ya watoto nilimweleza sista. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema nitulize mawazo, maziwa ya mama yanataka moyo mweupe.

Mwaka uliofuata mwili wangu ulibadilika polepole, kiasi kwamba kila badiliko lilipata kisingizio chake. Hedhi haikurudi, nikafikiri ni uchovu. Nywele za kwapa zilianguka zikaisha. Nyusi zikapungua upande wa nje. Uso ukapauka ukawa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, na ngozi ikakauka hata nikijipaka mafuta asubuhi na jioni. Sauti ilishuka ikawa nzito, watoto darasani wakawa wananiiga nikigeukia ubao. Na baridi! Mwezi wa pili, wakati maembe yanaiva na wengine wanatafuta kivuli, mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa darasa upande wa jua, nimefunga leso juu ya sweta.

Usingizi ndio ulioniaibisha zaidi. Mwalimu mwenzangu, Ndunge, alianza kuchukua darasa langu la mchana bila kuombwa. Alikuwa akipita dirishani, akiona kichwa kimeanza kuinama, anaingia na kusema kwa sauti kubwa, "Mwalimu Nduku, unaitwa ofisini." Sikuwa nimeitwa. Nilienda nikalala kwenye kiti cha ofisi ya walimu, na hakuwahi kunidai asante.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Mwanamke ambaye hapati hedhi, hapati mimba, na akifika kitandani anageukia ukuta, watu wana maelezo mengi kumhusu. Mwaitu aliamini nilikuwa nachomwa sindano ya kupanga uzazi kwa siri. Kioko hakusema hivyo, lakini jioni moja alikaa muda mrefu akitazama chakula chake kisha akasema, "Nduku, kama kuna mtu mwingine, niambie tu."

"Mtu mwingine? Kioko, mimi hata kuchana nywele siwezi bila kupumzisha mkono."

"Basi uko na nini?"

"Sijui. Nimeuliza kila mahali."

Na kweli niliuliza. Sasa nifike kwenye mabenchi, kwa maana maisha yangu ya miaka ile yalipita kwenye mabenchi. Nayajua mabenchi ya hospitali kama wengine wanavyojua viti vya kanisa. Kuna ya mbao yenye ufa unaobana paja. Kuna ya saruji yanayokunywa joto lote la mwili, na mimi sikuwa na joto la kugawa. Unafika kabla jua halijapanda, unapanga kitabu chako cha matibabu juu ya vitabu vya wenzako, unangoja. Kitabu kinapotea. Kinapatikana. Daktari ameenda mkutanoni. Daktari amerudi, anaanza na wa dharura. Ikifika zamu yako, maneno yako yote yameisha, unasema tu, "Naskia uchovu," naye anaandika kabla hujamaliza.

Nilitibiwa malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilitibiwa taifodi, maana siku hizo kila aliyechoka alikuwa na taifodi. Nilitibiwa amiba. Nilipewa dawa ya kuongeza damu, nikanywa mpaka choo kikawa cheusi. Mmoja aliniambia niko na stres, nipumzike. Niliporudi kumwambia kwamba nimepumzika likizo nzima na nimezidi kuwa mbaya, aliniambia nimepumzika kupita kiasi, nifanye mazoezi.

Halafu kukawa na minong'ono. Miaka ile, mtu akipauka na nywele kukatika, watu hawakutaja jina. Walisema tu "ule ugonjwa". Kanisani kiti cha pembeni yangu kilianza kubaki wazi. Mimi na Kioko tulienda kupimwa. Tulingoja majibu, yeye akichokonoa saruji iliyokauka kwenye kucha zake. Hatukuwa nao. Kioko alinishika mkono pale nje mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi. Hiyo ilikuwa rehema. Lakini tulipofika nyumbani bado nilikuwa mgonjwa, na sasa hata ugonjwa wa kuogopa sikuwa nao wa kutaja.

Daktari mmoja kijana, wa kliniki ya watu binafsi mjini, ndiye wa kwanza kuniangalia usoni kabla ya kushika kalamu. Alinigusa shingo, akagonga goti langu kwa kinyundo, mguu ukarudi taratibu kama unaofikiria kwanza. "Mwalimu, nashuku tezi ya shingoni. Ile inayopatia mwili joto na nguvu. Yako inaonekana imelala." Nilitaka kumkumbatia. Damu ilipelekwa Nairobi. Nikangoja majuma kadhaa, wakati watu wakivuna mbaazi, nikijipa moyo kwamba hatimaye kitu hiki kitakuwa na jina.

Karatasi ilirudi. Alinionyesha namba moja, na pembeni yake mipaka ya chini na juu. Namba ilikuwa katikati kabisa.

"Iko sawa," alisema, naye mwenyewe akionekana amevunjika moyo. "Tezi yako iko sawa."

Sasa nieleze jambo ambalo nililijua baadaye sana, maana ndilo kiini cha hasira yangu. Walikuwa wamepima kitu kimoja tu, kinachoitwa TSH. TSH haitoki kwenye tezi ya shingoni. Inatoka kwenye tezi nyingine ndogo sana, iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru ile ya shingoni ifanye kazi. Kwa wagonjwa wengi kipimo hicho kinatosha, kwa sababu tezi ya shingoni ikichoka, ile ya kichwani hupaza sauti na namba hupanda. Lakini kama ya kichwani ndiyo iliyokufa, haiwezi kupaza chochote. Namba inakaa pale katikati, inaonekana nzuri, na wewe unaganda kwa baridi.

Nilirudia kipimo hicho mahali pengine. Kikasema niko sawa. Nikaenda mahali pa tatu, nikamwambia daktari kwamba tayari nimepimwa mara mbili, apime kitu kingine. Akasema tuanze na kile kile, tuone. Tukaona. Niko sawa.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza tena, na Mwende alikuwa anakimbiza kuku uani, nilipofika kwa daktari wa nne. Huyu alikuwa na haraka, lakini alipima homoni yenyewe, ile ambayo tezi ya shingoni inaitoa, inayoitwa T4. Ilikuwa chini sana. Alipiga meza. "Si hii hapa!" Akaniandikia tembe za kuongeza homoni hiyo, akaniambia nianze kesho.

Siku za kwanza niliona kama mtu amewasha taa. Nilifua shuka zote. Nilisahihisha madaftari ya darasa zima bila kusinzia. Mwaitu aliniangalia akasema, "Kumbe huwa unajua kusimama." Kisha, juma la pili, nikaanza kutapika. Miguu ikalegea. Kila nikisimama dunia ilizunguka. Nilifikiri dawa inasafisha mwili, nikaendelea kuinywa. Jumapili, tukiwa kanisani, tulisimama kuimba, na kitu cha mwisho nilichoona ni viatu vya mwanamke aliyekuwa mbele yangu.

Nilipozinduka nilikuwa kitandani hospitalini, dripu mkononi, na Kioko amesimama kando amekunja kofia yake mpaka imekosa umbo. Presha ilikuwa imeshuka kiasi kwamba sista alipima mara kadhaa akidhani mashine imeharibika. Sukari nayo ilikuwa chini. Daktari wa zamu alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma kitabu changu chote, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, mtoto wako wa mwisho ana umri gani?"

"Anaingia miaka minne."

"Ulipomzaa, ulitoka damu nyingi?"

Kioko ndiye aliyejibu. "Daktari, alikuwa amekufa. Tulimwongeza damu ya watu watatu."

"Na maziwa? Mtoto alinyonya?"

Nilianza kulia. Nililia mpaka akaja sista mwingine kuangalia kuna nini. Miaka yote hiyo, mabenchi yote hayo, na swali lenyewe lilikuwa hilo tu.

"Hapana," nilisema. "Hata tone."

"Na hedhi haikurudi."

"Haikurudi."

Alivua miwani. Alituambia kwamba mwanamke akipoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, ile tezi ndogo ya kichwani inaweza kukosa damu na kufa. Hiyo ndiyo inayoamuru maziwa, hedhi, tezi ya shingoni, na pia tezi zilizo juu ya figo, zinazotoa homoni ya kuuwezesha mwili kustahimili shida. Kukosa hiyo ya figo ndiko kulikokuwa kukiniua sasa. Nilikuwa nimepewa dawa ya kuuamsha mwili kabla ya kurudishiwa kitu cha kuushikilia ukiamka. Ilipaswa kuanza hiyo ya figo, kisha ya shingoni. Akanichoma sindano ya homoni hiyo iliyokosekana. Kufikia jioni niliomba chakula. Niliomba isyo, mahindi na maharagwe, na Kioko akatoka mbio kwenda kuitafuta kana kwamba nimeomba nyama ya nyati.

Mtu angefikiri hapo ndipo pa kusema amina. Bado. Nilitumwa Nairobi kuthibitishwa, na Nairobi nayo ina mabenchi. Safari ya kwanza, dawa ya maabara ya kupimia ilikuwa imeisha. Safari ya pili damu ilichukuliwa, kisha nikaambiwa imeharibika kabla ya kupimwa. Safari ya tatu walipima T4, na T3, ambayo ndiyo mwili unaigeuza kutoka T4 ili uitumie, pamoja na zile nyingine za kichwani na za figo. Zote zilikuwa chini. TSH peke yake ilikaa katikati inacheka. Picha ya kichwa ilionyesha mahali pa tezi pakiwa karibu patupu.

Kioko aliuliza, "Kwa hivyo hiyo namba waliyokuwa wakitupatia ilikuwa ya nini?"

Daktari wa Nairobi akamwambia, "Walikuwa wakipima amri, na hawakuangalia kama kazi imefanyika."

Tulipotoka nje Kioko akasema, "Mimi ningelipwa hivyo, bila mtu kuangalia kama ukuta umesimama, ningekuwa tajiri," na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tukacheka pamoja.

Pia tuliambiwa pale kwamba sitazaa tena bila matibabu ambayo sisi hatungeyafikia. Hilo hatukulicheka. Kioko ndiye aliyemwambia Mwaitu. Sikuwa chumbani, lakini ukuta wetu ni mwembamba. Alimwambia yote, damu, kichwa, maziwa. Kesho yake Mwaitu aliniletea uji kitandani, akasimama mlangoni, akasema akiangalia nje, "Mimi nilikuwa naita siri kitu ambacho kilikuwa kidonda." Nilikunywa uji. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na uji ulikuwa mtamu.

Nilipona polepole, kiangazi chote. Vidonge vya ile homoni ya figo asubuhi, kisha tena mchana, na tembe ya tezi peke yake kabla ya kula. Nikipata homa, naongeza vile vya figo kama nilivyofundishwa, na nikitapika nisingoje, niende hospitali mara moja. Nina kikaratasi kwenye pochi kinachosema hivyo, na Mutuku anajua kilipo. Nyusi zilirudi kidogo. Sauti ikarudi, watoto wakalazimika kutafuta mwalimu mwingine wa kumwiga. Mwezi wa saba, baridi ya Machakos ilipokuja kweli, nilifurahi kuona kwamba wengine nao wamevaa sweta.

Lakini sikiliza, wewe uliye kwenye benchi, maana hii ndiyo sababu hasa nimeandika. Dawa ikishaanza kufanya kazi, TSH hushuka. Kwa mtu kama mimi ni kawaida, tezi ya kichwani haina cha kusema. Ila daktari asiyekujua akiiona namba hiyo ya chini, ataamini unakunywa dawa kupita kiasi. Mara ya kwanza ilipotokea, nilikubali. Walinipunguzia tembe nusu. Msimu mzima wa mvua nilirudi kwenye usingizi wangu, na Ndunge akaanza tena kupita dirishani.

Mara ya pili sikukubali. Daktari alikuwa mgeni, mpole, mwenye tai. Alisoma karatasi akakunja uso.

"Mama, hii TSH iko chini mno. Unazidisha dawa. Tutapunguza."

"Usipunguze."

"Ati?"

"Nimesema usipunguze. Soma ukurasa wa nyuma wa kitabu changu. Tezi yangu ya kichwani ilikufa. Hiyo TSH kwangu haina maana. Pima T4."

"Mama, sisi tunafuata utaratibu."

"Utaratibu huo ulinilaza miaka minne!" Sikujua kwamba nimesimama. "Ulinifanya niitwe mvivu, niitwe malaya, niitwe mgonjwa wa ule ugonjwa! Pima T4. Ikiwa juu nitapunguza mwenyewe, mbele yako."

Alinitazama. Kisha, namshukuru kwa hili, alifungua ukurasa wa nyuma akasoma. Akasoma tena. Akaandika kipimo nilichotaka. Majibu yalikuja baadaye, na T4 ilikuwa mahali pake. Tembe haikuguswa.

Siku ile nilitoka chumbani kitabu mkononi. Kioko alikuwa nje kwenye benchi, na watu wote pale walikuwa wananiangalia.

"Nimekusikia mpaka hapa," alisema.

"Nimekuaibisha?"

Alisogea anipe nafasi ya kukaa. "Miaka yote ulipokuwa mgonjwa, hukunigombeza hata siku moja. Hata nilipokuuliza lile swali la kijinga, uliniambia tu umechoka." Akapangusa vumbi kwenye kofia yake. "Nilikuwa nalala nikitamani unitukane."

Nilimwambia asijali, nitaanza leo. Halafu dirisha la dawa likafunguliwa, na mfamasia akatangaza kwamba tembe za tezi zimeisha, tujaribu wiki ijayo. Nikafunga leso vizuri kiunoni, nikasimama tena, nikaenda kumuuliza wiki ijayo siku gani, na saa ngapi, na kwa nini.